Mpepetaji Aliyehamisha Shomoro

Andika hivi, mjukuu wangu. Baba yangu aliitwa Njoroge, mtu wa mizinga ya nyuki. Mama yangu aliitwa Wambui, mke wake wa pili. Nilizaliwa upande wa Gatanga, juu ya mto Thika, katika msimu wa kuchimba viazi vikuu. Kuhusu mimi, hayo yanatosha. Nimeyatanguliza kwa sababu anayetoa ushahidi juu ya mtu mwingine lazima kwanza ajulikane ametoka wapi.

Yule nitakayemsimulia sitataja baba yake wala mama yake, wala kijiji alikozaliwa, wala jina lake. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipotufungia vijijini, jina hilo liliandikwa mara nyingi mno na watu wasiomtakia heri: kwenye pasi ya ruhusa ya kutembea, kwenye orodha ya kijiji, kwenye daftari la langoni. Mimi sikusoma, lakini najua kwamba si kila maandishi ni heshima. Wewe mwandike Mpepetaji, kama tulivyomwita sote, na umwekee ile herufi kubwa mnayowawekea watu. Kaa wima unapoandika. Mgongo uliopinda hutoa maneno yaliyopinda.

Alikuwa mkubwa wetu katika kinu cha posho cha Mhindi mmoja mjini Thika. Tulikuwa wanawake sita. Lori la kinu lilituchukua asubuhi kutoka kijiji chetu kilichozungushiwa mtaro, upande wa Ruiru, na kuturudisha kabla ya saa ya kufungiwa. Waume wetu wengi walikuwa kizuizini, wangu akiwa mmoja wao, nami nilikuwa na watoto wawili. Kazi yetu ilikuwa kupepeta na kuchambua mahindi, mtama na wimbi kabla havijaingia mashineni. Wanaume walibeba magunia na kujiona ndio kinu. Mpepetaji aliwaacha waamini hivyo. Lakini gunia lililopita mikononi mwake liliingia mashineni bila jiwe, na mwenye kinu alijua hivyo, ndiyo maana watu walitoka hata Makuyu kuja kusagisha kwetu.

Alishika ungo kama mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake: kwa uangalifu, bila mapenzi ya kuonyesha. Hakurusha nafaka juu kama wanavyofanya wanaotaka kutazamwa. Aliinyanyua kidogo tu, kiganja kimoja, na makapi yakaondoka yenyewe kama wageni walioona chai haiji. Hakupenda mazungumzo kazini. Mtu akianza hadithi, Mpepetaji alimtazama mikono, si uso, na mtu yule alinyamaza. Sifa hakuzijua. Ukichambua vizuri kutwa nzima, mwisho wa siku alikwambia, "Kesho tena," nawe ukarudi nyumbani umeridhika.

Sasa andika habari ya ndege, kwa sababu mtu huyu hawezi kuelezwa bila ndege.

Kinu kile kilikuwa na shomoro wasiohesabika. Walilala juu ya boriti, chini ya mabati, na mchana walishuka kati ya miguu yetu, dume na kidevu chake cheusi, jike na rangi yake ya vumbi, wakiokota punje zilizoanguka. Njiwa nao walikuja, na tetere, na mbayuwayu waliojenga kwa udongo chini ya paa, na kunguru waliokaa kwenye kaiyaba, ule ua wa miti ya miiba, wakingoja mtu akosee. Mpepetaji aliwajua wote kama mtu anavyojua nyumba za mtaa wake.

"Njiwa ni mgeni wa matanga," alituambia siku moja. "Anakula, anainamisha kichwa, anaondoka. Kunguru ni askari. Anakuja siku ya kuchukua."

Alisema hilo kwa sauti ya chini, maana askari wenyewe walikuwa langoni wakitazama pasi za watu.

"Na shomoro?" nikamwuliza.

"Shomoro ni jirani. Asubuhi anakuibia, jioni amekaa mlangoni pako kama hakuna lililotokea. Utamfanya nini? Ni jirani."

Ukimsikia hivyo ungedhani alikuwa mama mpole wa ndege wote. Hakuwa. Kijijini, nyuma ya mtaro, aliruhusiwa kipande kidogo cha kupanda wimbi, na hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na kombeo na madonge ya udongo aliyoyakausha juani, na mnana wa manjano aliyetua juu ya shuke hakutua mara mbili. Nikamwuliza kwa nini yule wa kinuni anamwachia na huyu anampiga.

"Shomoro anakula kilichoanguka," akasema. "Mnana anakula kilichosimama."

Basi nikaona nimeelewa. Siku chache baadaye nikamwona akimpiga shomoro pia, aliyekuwa ameng'ang'ania shuke lililosimama. Alimfuata alipoangukia, akamfukia kwa kidole cha mguu, akasema, "Huyu alisahau kazi yake," kisha akaendelea na palizi. Wala usidhani aliwapa nafasi nyumbani kwake. Kibanda chake kilikandikwa udongo na samadi hadi chini kabisa ya nyasi za paa, kisibaki kitundu hata cha mende. Nilipomwambia kwamba majirani zake hawana pa kuingilia, alinijibu, "Kazini tunakula pamoja. Nyumbani nina mlango wangu."

Kuna jambo moja ambalo liliniuma, na nataka uliandike ingawa halimpambi. Mbayuwayu wawili walimaliza kujenga nyumba yao ya udongo chini ya paa la kinu, kazi ya siku nyingi, tone kwa tone. Walipotaga, shomoro wawili wakaingia, wakatupa mayai chini, wakaikalia nyumba. Sisi sote tulikuwa watu waliotolewa katika nyumba zetu na kupangwa kwa mistari. Tuliyaangalia mayai yale sakafuni, na hakuna aliyetaka kuyafagia. Nikamwambia kwa hasira kwamba hao anaowaita majirani ni sawa na waliotuhamisha.

Alipepeta ungo mzima kabla hajanijibu.

"Ndiyo," akasema. "Sikukwambia wana haki. Nilikwambia ni majirani."

Nilikaa na jibu hilo miaka mingi. Sijui hata leo kama nalikubali. Liandike hivyo hivyo.

Kulikuwa na mtu mwingine mmoja aliyewapenda shomoro wale, naye kwa mapenzi yasiyo na maswali: mama mzee wa mwenye kinu. Alikuwa mjane, mavazi yake meupe, na kila asubuhi alitoka barazani na sahani ya shaba iliyojaa mawele, akawamwagia ndege kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Ilikuwa dini yao. Yeye hakujua Kiswahili zaidi ya maneno matano, na Mpepetaji hakujua Kihindi hata neno moja, lakini walisalimiana kila siku kwa kichwa, kama wazee wawili wa baraza moja. Siku moja Mpepetaji alichukua yale mawele ya sahani mkononi, akayatazama, akatoa kijiwe, akamrudishia. Tangu siku hiyo mama yule alimtumia mawele ya wiki nzima kila Jumatatu, ayachambue kwanza. Ndege wa Thika walikula mawele yasiyo na mawe. Sikusikia mji mwingine wenye fahari hiyo.

Sasa nitakueleza jambo lenyewe.

Ilikuwa desturi ya kinu kile kwamba nafaka inayoanguka sakafuni ni ya wanawake. Tuliiita ya ufagio. Kila mmoja alikuwa na kiondo chake, kimetundikwa kwenye msumari wake nyuma ya ghala, na Jumamosi jioni tuliondoka navyo. Kijijini hatukuruhusiwa kwenda mashambani ila kwa saa walizopanga wao. Kwa hivyo ya ufagio ndiyo iliyokuwa ugali wa watoto wetu. Hakuna aliyetupa kwa hisani. Tuliiokota, tukaichambua, ikawa yetu.

Jumatatu moja bwana afya akaja kukagua. Akaona kinyesi cha ndege juu ya mfuniko wa mashine. Akasema atarudi Jumamosi, na akimkuta ndege hata mmoja ndani, sumu itatiwa siku hiyo hiyo. Mwenye kinu aliona haya mbele ya mama yake, akamwachia nyapara shughuli yote. Nyapara alikuwa kijana wa watu, si mbaya, ila alimwogopa kila mwenye kofia. Akaja kwetu na kopo limefungwa kwa waya.

"Mama," akamwambia Mpepetaji, "wewe ndiwe unayejua nafaka. Hii utaichanganya na mtama, tuiweke chini ya mashine na kando ya kuta zote."

"Na ya ufagio?"

"Ya ufagio basi. Haitaliwa tena. Itatupwa."

"Watoto wetu wale nini?"

"Mama, si mimi. Ni bwana afya."

"Bwana afya alisema sumu, au alisema ndege watoke?"

Nyapara akafikiri. "Alisema ndege watoke. Sumu kama hawajatoka."

"Basi watatoka. Liweke kopo lako mbali na magunia."

"Leo ni Jumatatu, mama."

"Hata kwangu ni Jumatatu," akasema, na akainuka na ungo wake.

Alitutoa nje sisi sote. Tulikuwa tumezoea kupepeta ndani, mlangoni, kwenye kivuli cha mabati. Yeye akatupeleka mwisho wa uwanja, kando ya ua wa kaiyaba, akatandaza magunia, akafunga turubai juu ya miti miwili. Nyapara akamwambia kwamba amehamisha watu badala ya ndege. Mpepetaji akamjibu kwamba ameshamwuliza mlinzi wa Jumapili. Siku hiyo kinu hufungwa, magunia yamejaa ndani, nafasi ya kupita ipo, lakini shomoro hawaonekani. "Hawafuati mtama peke yake," akasema. "Wanafuata pale watu wanapoumwaga. Penye sisi ndipo kwao."

Siku ya kwanza walikaa juu ya paa wakitutazama. Nyapara alipita mara tatu, akacheka mara mbili. Siku ya pili madume wachache walishuka. Siku ya tatu ua wa kaiyaba ulikuwa na kelele kama soko. Waliobaki ndani ni wenye makinda, na Mpepetaji alikataa viota vivunjwe. Alisimama chini ya boriti, akasikiliza, akasema makinda hao wana sauti ya kutaka kutoka, wataruka kabla ya Ijumaa. Wakaruka Alhamisi. Ijumaa jioni ndani ya kinu hapakuwa na ndege, na nyapara hakucheka tena.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na sitaki unipake mafuta.

Jumamosi asubuhi pasi yangu ilikaguliwa ya kwanza langoni, nikaingia uwanjani peke yangu, wenzangu wakiwa bado kwenye foleni. Nilikuwa na furaha. Nililelewa na mama ambaye hakuruhusu mgeni akanyage uwanja usiofagiwa, na siku ile mgeni alikuwa bwana afya. Nikachukua ufagio. Nikafagia pale kando ya ua, nikaokota punje zote hadi ya mwisho, nikanyunyiza maji, nikakunja magunia. Udongo ulikuwa safi kama sakafu ya kanisa. Nikasimama nikisifu kazi yangu, na nilipoinua macho shomoro walikuwa wakipita juu ya kichwa changu, kundi zima, wakiingia kinuni kwa mlango mkubwa. Mlango ule haukuweza kufungwa, kwa kuwa magunia yalikuwa yakiingizwa.

Wenzangu wakafika. Mpepetaji aliutazama udongo, akatazama mlango.

"Nani amefagia?"

"Mimi."

"Umefagia vizuri," akasema.

Nimepigwa maishani mwangu, mjukuu wangu, na sikuwahi kupigwa hivyo.

Akaenda nyuma ya ghala, akakiangika kiondo chake begani, kimejaa ya wiki nzima. Nyumbani alikuwa na watoto wanne, wawili wakiwa wa mke mwenzake aliyefariki. Alikuja nacho hadi kando ya ua, akakigeuza, akamwaga chote juu ya udongo wangu safi. Mwenzetu mmoja akakimbilia kiondo chake pia.

"Kiache," Mpepetaji akasema. "Kimoja kinatosha. Ni wengi, lakini matumbo yao ni madogo."

Nikaenda kuchukua changu. Akanishika mkono. "Hicho kina watoto wawili ndani. Kaa chini upepete."

Tukakaa. Ndege hawakuja. Tukasikia kutoka langoni kwamba gari la bwana afya limeonekana darajani. Ndipo yule mwanamke aliyechukia mazungumzo akatugeukia.

"Ongeeni."

"Tuongee nini?"

"Chochote. Sengenyaneni. Mnafanya hivyo nikigeuka, fanyeni sasa."

Tukatazamana. Kisha mmoja, mke wa seremala, akasema kwa sauti, "Mama mkwe wangu anaficha ugoro ndani ya sukari."

"Mama mkwe wako ni dada ya mama yangu," akajibu wa pili.

"Basi unaijua ile chai."

Tulicheka, kwanza kwa woga, kisha kweli. Tukasemana, tukarushiana maneno, nyungo zikivuma, na shomoro wa kwanza akatua. Akafuata wa pili. Kisha tukasikia hatua. Mama mzee wa mwenye kinu alikuwa ameshuka kutoka barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alibeba sahani yake ya shaba. Akamwaga mawele yake kando ya nafaka ya Mpepetaji, akakunja mavazi yake meupe, akaketi chini kwenye udongo pamoja nasi, akaanza kusema Kihindi chake kwa sauti, akituambia sijui nini. Labda naye alikuwa akimsengenya mkwe wake. Ndege walimiminika kutoka mlangoni kama maji.

Bwana afya alisimama ndani ya kinu muda mrefu, akipiga boriti kwa fimbo. Alipotoka alitukuta tumefunikwa na shomoro hadi magotini. Akamwuliza nyapara hawa nao je. Nyapara, na kwa hili namheshimu hadi leo, akasema, "Hao ni wa nje, bwana." Bwana afya akaandika kitu, akaondoka.

Mpepetaji hakushangilia. Alimwambia nyapara, "Lile kopo. Lirudi lilikotoka. Nataka nilione likivuka lango." Akasimama akalitazama mpaka likavuka. Jioni sote tuliondoka na viondo vyetu vimejaa, naye cha kwake kimekunjwa kwapani. Wiki ile watoto wake walikula mboga ya managu bila ugali. Nilimpelekea nusu ya kiondo changu. Hakuipokea. "Nilimwaga changu," akasema, "sikumwaga chako." Wala hakuwahi kulitaja kosa langu tena, hata kwa mzaha, hata aliponikasirikia kwa mengine. Lakini tangu siku ile aliniketisha mkono wake wa kulia, na kila ungo wangu ulipita machoni pake kwanza.

Desturi ya nafaka ya ufagio haikuguswa tena kwa muda wote niliofanya kazi pale. Ukikutana na watu wazima wa kijiji kile, wenye mifupa mizuri, jua mifupa hiyo imetoka wapi.

Nilimwona mara ya mwisho kabla miaka ya hamsini haijaisha, tuliporuhusiwa kurudi mashambani. Mume wangu alikuwa amerudi. Nilikuwa nimevuna wimbi langu la kwanza kwenye ardhi yetu wenyewe, nikaona si haki nilile kabla hajalionja. Nilimkuta Ruiru, kwa mwanawe, karibu na mashamba ya kahawa. Macho yalikuwa yamemwacha. Alinijua kwa mwendo, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Nyina wa Kamau. Bado unakanyaga ardhi kama unaidai."

"Nimekuletea wimbi, maitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yetu.

Akanyoosha mkono ndani ya kiondo, hadi kiwiko. Alikoroga polepole. Alitoa konzi, akaipitisha katikati ya vidole, akairudisha, akatoa nyingine kutoka chini kabisa, mahali ambapo mchuuzi huficha mchanga. Mke wa mwanawe alikuwa ameshasimama mlangoni na ungo, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna nafaka ya mtu iliyopikwa kabla haijapepetwa upya. Alikuwa akingoja kuambiwa aanze.

Mpepetaji alifuta vidole vyake kwenye leso.

"Urudishe ungo," akamwambia. "Weka maji ya uji motoni. Hii inasagwa hivi ilivyo."

Nilisema nakwenda kutafuta kuni, na kuni zilikuwepo; nilitaka tu kufutia macho yangu nje.

Sasa sikiliza, kwa kuwa nimechoka. Utakapoandika upya kwa kalamu nzuri, hayo ya baba yangu na mama yangu unaweza kuyafupisha. Ya kizuizini yapunguze, wengine wameyaeleza. Mayai ya mbayuwayu yaweke, wala usitafute neno la kuyalainisha. Pale nilipofagia paweke kama nilivyopasema, na watoto wanne walioshinda na managu wawekwe karibu yake, anayesoma asipite moja bila kuliona lingine. Neno lake la mwisho juu ya wimbi langu usilichezee hata silabi moja. Nimefanya kazi miaka yangu yote, nimepewa vyeti na kanisa na chama, na wewe unajua vyeti hivyo viko wapi. Viache huko. Weka hili.